Kibubu cha Mbao chenye Miraba Mia: Je, Kinafaa Kununuliwa?

Mafundi seremala wa Kampala, hasa wale wa upande wa Ndeeba ambako mbao hupasuliwa na kuuzwa mchana kutwa, siku hizi huunda vibubu vya aina moja ambavyo vimeenea hadi kwenye vibanda vya simu, maduka ya zawadi na kwa wauzaji wa mitandaoni. Ni kisanduku cha mbao kisicho na mlango wala kufuli, chenye tundu jembamba juu, na ubavuni kimebandikwa stika iliyogawanywa katika miraba midogo mia moja, kila mraba ukiwa umeandikwa kiasi cha pesa. Mwenye kibubu hutumbukiza kiasi hicho, kisha huukata mraba wake kwa kalamu ya wino mzito. Miraba ikiisha, kisanduku huvunjwa. Nilinunua kimoja kwa shilingi 25,000 ili niweke akiba ya karo ya muhula wa kwanza, ambao huanza Februari wakati mifuko ya wazazi wengi bado haijapona gharama za Krismasi, na nimekitumia kwa miezi kadhaa. Ninachotaka kukipima hapa ni jambo ambalo matangazo yake huligusa juujuu tu, yaani uwezo wake wa kumfanya mtu atende jambo dogo kila siku bila kusukumwa. Kwa kazi hiyo kibubu hiki ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa kazi ya kutunza pesa ni chombo cha wastani, na namba zilizochapwa juu yake ndizo kasoro yake kubwa.

Uundaji wake ni wa haraka lakini si wa hovyo. Changu ni cha mbao za msonobari, pembe zimeunganishwa kwa gundi nyeupe na misumari myembamba, kisha zikapigwa msasa kiasi cha kutomchoma mtoto atakayekipapasa. Vanishi imepakwa mkono mmoja tu, na upande wa chini haukupakwa kabisa, jambo ambalo mkazi wa nyumba ya vigae anaweza kulipuuza, lakini mwenye sakafu ya udongo au ukuta unaovuta unyevu hapaswi kulipuuza, kwa kuwa mchwa huanzia chini. Tundu linapitisha sarafu zote, ikiwemo ya shilingi 500 yenye korongo, na noti iliyokunjwa mara mbili. Hata hivyo fundi hakulainisha kingo za tundu kwa ndani, hivyo noti ya 1,000 iliyochakaa, na noti zinazorudishwa na makondakta wa teksi karibu zote zimechakaa, hukwama nusu ndani nusu nje, na anayeisukuma kwa ncha ya kisu huichana. Kipande cha msasa kilichokunjwa na kupitishwa tunduni mara kadhaa kinaondoa tatizo hilo. Ni kazi ya dakika tano ambayo ingefaa ifanywe kabla kisanduku hakijafungwa.

Stika yenyewe haitoki kwa seremala. Aliyeniuzia huinunua kwa mafungu Nasser Road, mtaa ambao karatasi nyingi za mji huu, kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya wagombea, hupitia. Wino wake haukuchuja hata baada ya kupanguswa kwa kitambaa chenye maji, lakini pembe zake zilianza kubanduka mapema, nikazirudishia kwa gundi.

Kabla ya kulipa nilimwuliza fundi, mzee wa makamo aliyekulia upande wa Busia, kwa nini hakuweka bawaba na kufuli. Alicheka, akakigeuza kisanduku chini juu na kukigonga kwa kidole. “Nikikuwekea mlango, dada, Jumamosi utakuwa umeshafungua. Wanaotaka mlango, mwishowe wanatia ndani sindano na uzi.”

Maneno yake yana ukweli, ila si ukweli wote. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, ng’ambo tu ya mpaka wetu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya watu walipewa sanduku la chuma lenye tundu, kufuli na ufunguo wake, ili waweke fedha za matumizi ya afya. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa mhusika wa mradi, lisifunguliwe mpaka fedha zilizolengwa zitimie. Waliokaa na ufunguo wao waliongeza akiba hiyo kwa asilimia 66, kwa sababu tu walikuwa na mahali maalumu pa kuiweka. Kufungiwa zaidi hakukuwaongezea wengi faida, maana pesa iliyofungwa haimsaidii mtu siku anapougua. Ilionekana kuwafaa zaidi wale ambao ndugu na marafiki huwaomba pesa mara kwa mara. Kwa mtu wa namna hiyo, na Kampala wako wengi, kisanduku kisicho na mlango ni jibu la heshima, kwa kuwa anaweza kumwambia shemeji bila kudanganya kwamba pesa ipo lakini hana pa kuitolea. Kwa asiyesumbuliwa na waombaji, kisanduku cha kuvunjwa ni ukali usiohitajika, na ninapendekeza kingine nitakachokieleza baadaye.

Sasa namba. Kwenye stika yangu kulikuwa na miraba 40 ya shilingi 1,000, miraba 30 ya shilingi 2,000, miraba 20 ya shilingi 5,000 na miraba 10 ya shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 300,000, na muuzaji huitamka jumla hiyo kwa kishindo kwa sababu ndiyo inayouza. Mnunuzi ana hiari ya kuanza na mraba wowote. Kila mtu niliyemwona akikitumia, nami nikiwemo, huanza na elfu moja moja, na hapo ndipo mpango unapomgeuka mwenyewe. Miraba 40 ya mwanzo ikikatwa yote, ndani kuna shilingi 40,000, ambazo hazifiki hata moja ya saba ya lengo. Ikikatwa 70, ndani kuna shilingi 100,000. Miraba 30 inayobaki imebeba shilingi 200,000, yaani wastani wa zaidi ya shilingi 6,600 kwa mraba, kwa mtu ambaye alianza kwa kuombwa elfu moja. Mzigo unaongezeka sawasawa na hamu inavyopungua. Mpango ungekuwa na busara zaidi kama ungeanza mzito na kuishia mwepesi, ingawa hata huo haungemfaa mwenye kipato cha kubahatisha.

Tatizo si hesabu peke yake. Ahadi ya kila siku lazima ipimwe kwa siku mbaya, si kwa siku ya mshahara. Mtu anayekaanga rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara anajua kwamba siku ya mvua kubwa chapati hubaki na mayai hubaki, na mwendesha boda anajua siku ambayo kituo kizima hakikupata abiria wa maana. Siku hizo ndizo zinazoamua kama tabia itaota au itakufa, na mraba wa shilingi 10,000 ukimkodolea macho mtu wa namna hiyo, hatatoa 10,000 wala 1,000; atalala bila kutoa kitu, na kesho yake atakuwa ameshapata mazoea ya kulala bila kutoa kitu. Kwa hiyo nilibandika karatasi nyeupe juu ya stika, nikachora miraba mia mitupu. Kanuni ikawa moja: kila siku si chini ya shilingi 1,000, ikizidi ni hiari, lakini siku moja hukata mraba mmoja tu hata ukitia 20,000. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa kuwa ilininyima nafasi ya kutia pesa nyingi Ijumaa na kujipa likizo ya wiki nzima.

Mia kwa elfu moja ni shilingi 100,000, si 300,000, na msomaji anaweza kuona kwamba nimejipunguzia. Nimejipunguzia kweli. Lakini mizunguko mitatu inayomalizika huleta zile zile 300,000, ilhali mzunguko mmoja unaokwama kwenye mraba wa 70 huleta theluthi yake. Hata mwenye uwezo wa shilingi 500 tu kwa siku hufikisha 182,500 kwa mwaka, na kwa shule nyingi za kutwa hicho si kiasi cha kudharau.

Wanaopata mshahara wa mwezi wana shida tofauti ambayo kibubu hiki hakikuifikiria. Mfukoni mwao kuna noti mbili tatu kubwa mwanzoni mwa mwezi, na hakuna elfu moja za kutumbukiza. Njia iliyo rahisi ni kubadilisha noti moja ya 20,000 au 50,000 siku ya mshahara, iwe elfu moja moja au sarafu za mia tano, na kuziacha ndani ya bahasha pembeni mwa kibubu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini asizitumbukize zote siku hiyo hiyo. Kama shabaha yake ni pesa tu, azitumbukize. Kama shabaha yake ni kujizoesha, basi atakuwa ameufanya mkono wake ufanye kazi mara moja kwa mwezi, na mkono haujifunzi kitu kwa mara moja.

Kibubu changu kilikuja na kadi ndogo iliyofungwa kwa utepe, yenye maneno yanayoahidi kwamba siku 21 zinatosha kujenga tabia mpya. Namba hiyo ina asili ya ajabu kidogo. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Neno “angalau” likapotea njiani, na suala la pua likawa kanuni ya maisha yote. Utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2009, ambapo watu 96 walijitolea kuchagua jambo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, na kulitenda kila siku baada ya tukio lile lile, kwa wiki 12. Wastani wa muda wa jambo hilo kuanza kutendeka lenyewe ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Mtu anayeipima nafsi yake kwa kadi ile, akajiona siku ya 22 bado anajikumbusha kwa nguvu, atadhani ana kasoro, na kasoro ni ya kadi.

Hapa ndipo miraba mia inapoonekana kuwa na akili kuliko muuzaji wake. Mia inavuka 66 na kuacha nafasi ya kutosha kwa mtu mzito kidogo wa kujizoesha. Lakini jambo lililonivutia zaidi ni kwamba miraba haina tarehe. Programu nyingi za simu zinazohesabu siku mfululizo humrudisha mtu kwenye sifuri akikosa siku moja, na wengi huiacha programu siku hiyo hiyo kwa uchungu. Kwenye kibubu, siku iliyokoswa haiachi shimo. Ukilala msibani Masaka usiku mbili, ukirudi unaukuta mraba unaofuata pale pale ulipouacha. Utafiti wa Lally ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo wa tabia iliyokuwa ikijengeka, kwa hiyo ukimya wa miraba juu ya siku zilizokoswa unalingana na jinsi tabia inavyoota. Sidhani aliyebuni stika hii aliyafikiria hayo. Pengine alikosa tu nafasi ya kuandika tarehe. Vyovyote iwavyo, ndiyo sehemu bora ya bidhaa nzima.

Mahali pa kukiweka kuna uzito kuliko ubora wa mbao. Wengi hukiweka chumbani na kuazimia kutia pesa kabla ya kulala, na saa hiyo umeme unaweza kuwa umekatika, mtoto analia, mtu amechoka na suruali yenye pesa imeshatundikwa. Changu nilikiweka sebuleni, chini ya msumari wa kutundikia funguo, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye msumari huo huo. Nikiingia, natundika funguo, natoa chenji ya boda, natumbukiza, nakata mraba, ndipo nakaa. Tendo jipya limepandwa mgongoni mwa tendo la zamani ambalo halina hiari, kwa sababu hakuna siku ninayoingia ndani bila funguo. Kalamu iliyofungwa inaonekana jambo la kitoto, lakini bila kalamu mraba haukatwi, na siku mbili zisizokatwa zikipita mtu huanza kubishana na kumbukumbu yake.

Kwa upande wa usalama siwezi kukisifu. Kisanduku kinachoonekana na kila mgeni kinaonekana pia na mgeni asiyefaa, na kwa kuwa ni chepesi hubebwa kizima chini ya kwapa. Aliye na nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa bati afikirie mara mbili. Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba hakibebi kiasi ambacho ningekilia, yaani mzunguko mmoja tu, kisha pesa zikaenda mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Akaunti ya akiba ya simu ina usalama zaidi, lakini kwa kiasi kidogo cha kila siku gharama zake zinauma. Tangu pesa za simu zilipowekewa kodi ya asilimia 1 Julai 2018, ambayo baadaye mwaka huo ilishushwa hadi asilimia 0.5 na kubakizwa kwenye kutoa pesa tu, kila anayetoa hulipa kodi pamoja na ada ya mtandao, na ada hiyo humla zaidi mwenye kutoa kidogo kidogo. Aidha, pesa ya simu haina mkono wala mlio. Ukiituma huioni ikianguka, na iko karibu mno na vidole vile vile vinavyonunua data.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Mfumo huo, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao leo uko karibu kila wilaya ya Uganda, hutumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na kila mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano kwenye kikao, zikagongwa mhuri kwenye kijitabu chake mbele ya wote. Nigiina za akina mama mtaani, yaani michezo ya kuchangiana kwa zamu, nazo zina nguvu hiyo hiyo ya macho ya watu. Hata katika jaribio la Kenya, mipango ya kikundi ndiyo iliyokuwa na matokeo makubwa sana. Kibubu hakina macho. Ukikiruka hakikuulizi, hakikutozi faini, na hakikukopeshi mtoto akiugua. Lakini kikundi hukutana mara moja kwa wiki, na tatizo la wanachama wengi ni kwamba siku ya kikao huwakuta mikono mitupu. Shilingi 1,000 ya kila siku ni shilingi 7,000 ifikapo Jumapili, tayari kwenda kununua hisa. Kibubu kikitumika kulisha kikundi, udhaifu wake wa usalama na wa kutozaa riba huondoka kwa pamoja.

Kwa matumizi hayo, kisanduku cha kuvunjwa hakifai. Atakayeagiza amwambie fundi aifunge sehemu ya chini kwa skrubu nne badala ya gundi, ili ifunguliwe kwa bisibisi pale inapohitajika. Bisibisi hukaa kwa jirani au chini kabisa ya kisanduku cha vyombo, na usumbufu huo mdogo unatosha kumzuia mtu asiifungue kwa tamaa ya Jumamosi, bila kumzuia asifungue mtoto akipata homa usiku. Aombe vanishi mikono miwili, na chini ipakwe. Tundu lipigwe msasa kabla ya kufungwa. Stika asiikubali ya namba. Miraba mitupu huchorwa kwa rula nyumbani, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuichora vizuri. Cha dada yangu aliyeko Jinja, chenye skrubu chini na kisicho na stika yoyote, fundi yule yule alinitengenezea kwa shilingi 28,000, nikakichukua siku ya pili.